Karatasi Namba Nne

Mliokuwa nami Jumamosi iliyopita mnakumbuka mliniacha wapi: mlangoni pa ukumbi wa Jumuiya, mkono mmoja na bahasha, mwingine juu ya sanduku la mbao, najiuliza niitumbukize au nirudi nayo nyumbani.

Niliitumbukiza.

Kwa aliyenikuta njiani leo, nieleze kidogo. Mimi ni mlinganisha rangi. Mteja akileta kipande cha kigae au mlango uliobanduka akasema anataka ndoo ishirini za rangi hii hii, mimi ndiye ninayekaa maabara na kuchanganya mpaka jicho lishindwe kutofautisha. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili katika kiwanda kimoja. Miezi mitano iliyopita kiwanda kikafungwa, mashine zikapakiwa, na unga wangu ukamwagika.

Mke wangu anajua. Baba mkwe hajui, na hapo ndipo penye tatizo.

Baba mkwe ni mpima macho mstaafu na mwenyekiti wa chama chetu cha wataalamu wenye asili ya Asia, ambacho sisi tunakiita Jumuiya tu. Ndiye aliyenisimamia nikapata kazi ile. Kusimamiwa, kwetu, si mchezo. Siku ya kikao mtu anainuka mbele za watu, anataja jina lako, anasema, "Huyu namjua, akiharibu njooni kwangu," kisha anakaa. Na ukiharibu, wanakwenda kwake kweli. Baba mkwe ana sheria yake: humsimamia mtu mara moja tu maishani. Anayerudi mara ya pili humuuliza, "Ile ya kwanza uliifanyia nini?"

Hata hiyo ya kwanza alinipa kwa taabu. Kabla hajakubali nimwoe binti yake alinikalisha kwenye kiti cha kliniki yake, akanipima macho yote mawili, akanipitisha kwenye kile kitabu cha vidoa vya rangi, cha kupimia kama mtu anatofautisha rangi, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Macho unayo," akasema. "Mengine tutayaona."

Wenzangu walipimwa damu kabla ya ndoa, mimi nikapimwa macho.

Sasa, mtaniuliza, kwa nini nisitafute kazi kwingine, mbali na Jumuiya na wakwe? Nimetafuta. Nimefanya usaili mara tisa. Mara tatu kati ya hizo niliulizwa swali ambalo watu wenye sura kama yangu tunalijua kwa moyo: "Lakini nyinyi si mna maduka?"

Baba yangu alikuwa fundi saa aliyekodi kona katika duka la mtu mwingine. Duka letu sisi halijawahi kuwepo, hata la karanga.

Bwana mmoja aliifunga faili yangu taratibu akaniambia, "Watu wenu mnapeana kazi wenyewe kwa wenyewe. Huku umefuata nini?" Nikacheka naye ili asinione mkorofi. Njiani nikatamani ningemchukua Jumamosi moja nimpeleke ukumbini, akaone hao wenyewe kwa wenyewe wanavyopeana.

Maana Jumuiya na Chama cha Watengeneza Rangi waliungana mwaka juzi wakaanzisha meza ya ajira. Kiwanda kinaleta nafasi, wenye shida wanatumbukiza wasifu wao kwenye sanduku. Wasifu hauna jina. Jina unaliandika kwenye kikaratasi, unakifunga ndani ya bahasha ndogo, na Katibu akifungua sanduku anaugonga wasifu na bahasha yake namba ile ile. Wewe mwenyewe hata namba yako huijui. Wakaguzi wawili wanatoa alama, na bahasha ya aliyeshinda inapelekwa kiwandani ikiwa bado imefungwa. Waliweka utaratibu huo kwa sababu zamani kila kazi ilikuwa inamwangukia mpwa wa mtu.

Ile bahasha iliyofungwa ndiyo iliyonivutia. Nikishinda, kiwanda kitanipigia simu kimya kimya, nami nitamwambia baba mkwe nimehamia penye mshahara mzuri zaidi. Angenisifu mbele ya wanawe.

Hesabu ilikuwa safi. Ikaharibika Alhamisi saa nne asubuhi, simu ilipolia.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Niko kazini, Baba." Nilikuwa jikoni na kaptula, nasugua sufuria.

"Sitakuchelewesha. Mkaguzi wetu mmoja kafanyiwa upasuaji wa jicho, haruhusiwi kusoma wiki mbili. Nimekuteua wewe."

Sufuria ikaniponyoka.

"Kelele gani hiyo?"

"Mashine, Baba. Lakini mimi ukaguzi sijawahi..."

"Nafasi ni ya mlinganisha rangi mkuu. Nani anaijua kazi hiyo kukushinda wewe? Tena sheria inataka mkaguzi awe mtu mwenye kazi yake, aliyeshiba, asiye na sababu ya kumpendelea mtu. Katibu atakuletea karatasi kesho."

"Baba, ngoja kwanza..."

"Msalimie bosi wako."

Akakata. Bosi wangu alikuwa amelala sakafuni, kifuniko kimebingirika mpaka chini ya meza.

Ningeweza kumpigia palepale nikasema kweli. Nilikuwa na dakika zote za dunia, simu ilikuwa mkononi, salio lilikuwepo. Sikupiga kwa sababu ya aibu, na sina sababu nyingine ya kuwapa.

Ijumaa mchana Katibu akaja mwenyewe. Ni mama mkavu, hana utani, kalamu yake ameifunga kamba shingoni ili isiazimwe.

"Nilidhani nitamwachia mkeo," akasema. "Kumbe upo."

"Nina likizo fupi."

"Fupi au ndefu, mradi upo. Karatasi ni tano. Unatoa alama juu ya ishirini, unanirudishia kesho kabla ya kikao." Akaweka kidole mwishoni mwa karatasi ya juu. "Hapa pana mstari. Ukimtambua mwenye karatasi, unaandika 'namfahamu' na unasaini, tunampa mkaguzi mwingine. Unamtambua mtu?"

"Bado sijasoma, mama."

"Ukisoma utajua."

Akaondoka. Nikazitandaza karatasi kwenye meza ya chakula, upande ambao mke wangu hakuweka keki. Mke wangu anapamba keki za kuagizwa, na miezi mitano hii keki za watu ndizo zinazotulisha. Alikuwa anachora maua ya waridi juu ya keki ya mtu anayestaafu, nami nikaona hata keki ile inanisuta.

Namba moja alikuwa fundi wa kupaka rangi, hajawahi kuingia maabara. Namba tatu alijisifu kurasa nne bila kutaja alichofanya. Namba tano aliomba kazi ya udereva. Hao hawakunipa shida.

Mke wangu akanyoosha shingo. "Yako ipi?"

"Hairuhusiwi kukwambia."

Akafuta mikono kwenye aproni, akapitisha macho. "Namba nne."

"Umejuaje?"

"'Ni mvumilivu na sina makuu.' Nani mwingine anayejisifia kutokuwa na makuu?"

Alikuwa sahihi. Ikabaki namba mbili.

Hapa, ndugu wasomaji, nina jambo la kuungama. Jumamosi iliyopita niliwaeleza kila kitu kuhusu sanduku, isipokuwa jinsi nilivyoijua nafasi yenyewe. Niliwaficha hata ninyi.

Jumuiya ina desturi ya kumkabidhi kijana anayetafuta kazi kwa mtu mzima wa fani yake. Mwaka jana nilikabidhiwa binti mmoja mkemia, aliyelelewa na mama mshona nguo, mwepesi wa kuelewa kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Ananiita Mjomba. Nilimpa wasifu wangu auige mpangilio, nikamfundisha kuwa kwenye vikao vyetu mtu haombi kazi, anaomba ushauri, na kazi inakuja yenyewe nyuma ya ushauri.

Ni yeye aliyeiona nafasi. Alinitumia ujumbe: "Mjomba, hii si ndiyo ile tuliyokuwa tunaingoja? Nisaidie kusahihisha." Nikasahihisha. Nikamwonyesha mahali pa kukata na mahali pa kuongeza. Nikamwambia, nenda katumbukize, Mungu akuweke mbele. Halafu nikarudi nyumbani, nikachukua karatasi safi, nikaandika ya kwangu.

Binti huyo ndiye namba mbili. Nilimtambua kabla sijamaliza mstari wa kwanza, maana nusu ya maneno yalikuwa yangu.

Nikaisoma karatasi yake kama mkaguzi, nikijitahidi kusahau. Alikuwa bora. Mimi nina jicho, lakini yeye ana jicho na mashine. Mashine ya kupimia rangi inayotumika siku hizi ameifanyia kazi miaka miwili, wakati mimi kiwandani kwetu ililetwa mwaka wa mwisho tukaitundikia makoti. Kwa penseli nikampa kumi na saba. Mimi nikajipa kumi na nne.

Nikakaa nikizitazama zile namba. Nilijisikia mtu mwema kwa muda wa kama robo saa.

Simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Mjomba, shikamoo. Uko kazini? Samahani."

"Marahaba, binti. Sema tu."

"Natoka usaili, kule kiwanda cha wino. Mjomba, wamenipenda. Yule mkubwa amenionyesha mpaka meza nitakayokaa. Wamesema watanipigia jioni."

"Basi umepata."

"Nimwambie mama?"

"Mwambie."

Nikaweka simu chini. Mke wangu alikuwa amesikia, maana binti yule anaongea kwa sauti ya kumfikia mtu wa nyumba ya pili.

"Kapata," akasema.

"Kama kapata."

"Kaonyeshwa meza. Mtu haonyeshwi meza ya mwenzake." Akachora jani moja, akalitazama. "Sasa huyo ana kazi. Wewe huna. Unangoja nini na hiyo penseli?"

Nikachukua kifutio. Namba mbili nikampa kumi na moja. Namba nne nikampa kumi na nane, nikaandika kwa wino. Ishirini niliona ni uroho.

Mke wangu akasogea karibu. "Na hapa chini, huu mstari wa nini?"

"Si wa kitu."

Aliusoma. Najua aliusoma, kwa sababu alirudi kwenye maua yake bila kuniangalia mpaka watoto waliporudi shule.

Jumamosi nikavaa shati jeupe. Mlangoni pa ukumbi wanagawa beji, kijani kwa wenye kazi, manjano kwa wanaotafuta, ili watu wajuane bila kuulizana. Nikachukua ya kijani na kujibandika kifuani. Miaka kumi na miwili nimekataa mapipa ya rangi kwa sababu hayakulingana na sampuli, na siku hiyo nikapita mlangoni na rangi isiyo yangu, macho makavu.

Nikamkabidhi Katibu karatasi. Akatazama ile mistari ya chini, mmoja mmoja, yote mitupu.

"Hukumtambua hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Haya."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wenye kijani walisimama karibu na birika la chai, wenye manjano wakiwazunguka na kuwapa kadi. Kila upande unasikia "naomba ushauri wako, mzee," "naomba dakika mbili za ushauri." Binti wangu alikuwa kiti cha mwisho cha safu ya pili, beji ya manjano, mkoba magotini. Nilitegemea kumwona anacheka.

"Vipi kiwanda cha wino?"

"Hawakupiga, Mjomba." Akaugeuza mkoba magotini. "Nimepiga mimi leo asubuhi. Yule mkubwa kasema wameketi wakafikiri, wakaona mtu kama mimi hatakaa. Nitaolewa niende nikauze dukani kwa mume."

"Duka gani?"

"Nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema, si mnayo."

Nikakaa kiti cha jirani.

"Na mama nilishamwambia," akasema. "Jana kawaita majirani. Sasa imebaki hii ya leo tu, Mjomba. Naomba Mungu wakaguzi wawe watu wenye kujua kazi."

Mimi na yeye tukatazama mbele. Ningeweza kuinuka wakati ule nikamfuata Katibu, nikasema nipe karatasi zangu, kuna kosa. Ilikuwa hatua kumi na tano. Nilihesabu. Nikajiambia, hata hivyo bahasha itakwenda imefungwa, yaliyopita yamepita, nikipata ukubwa kule kiwandani nitamvuta binti huyu awe msaidizi wangu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Baba mkwe akagonga meza. Pembeni yake aliketi mkaguzi mwenzangu, mhandisi mzee anayesikia vizuri sikio moja tu lakini haachi kitu kipite. Na pembeni ya mhandisi palikuwa na mgeni, mama mfupi mwenye viatu vizito vya kiwandani na rangi ya bluu imekauka kwenye kucha.

"Huyu ni meneja wa kiwanda kilicholeta nafasi," akasema baba mkwe. "Kaja mwenyewe. Katibu, tusomee."

Katibu akasoma bila kupanda wala kushuka. "Mkaguzi wa kwanza, mhandisi. Namba mbili, kumi na sita. Namba nne, kumi na tano. Mkaguzi wa pili. Namba mbili, kumi na moja. Namba nne, kumi na nane. Waliobaki hawakufika kumi. Jumla, namba mbili ana ishirini na saba. Namba nne ana thelathini na tatu. Ameshinda namba nne."

Watu wakapiga makofi. Binti akanishika mkono wa shati.

"Mjomba, nne inaweza kuwa mimi?"

Kichwani nilikuwa natoa alama zangu pembeni na kubakiza za mhandisi peke yake, na kila nikifanya hivyo namba mbili anashinda.

"Bahasha," akasema baba mkwe, "itapelekwa kiwandani kama kawaida..."

"Mwenyekiti, samahani." Yule mama wa viatu vizito aliinuka. "Mimi mtambo unawaka Jumatatu na sina mtu wa kuniambia nyekundu yangu ni nyekundu. Sina wiki ya kupelekeana bahasha. Ifunguliwe hapa, niondoke na mtu wangu."

"Utaratibu wetu..." baba mkwe akaanza.

"Naujua, nami ni mwanachama wa Chama cha Rangi, niliupigia kura. Lakini naona wakaguzi wamepishana. Mmoja kaona wawili hawa karibu wanalingana, mwingine kaona wametengana kwa alama saba. Nasikia kwenu mtu husimamiwa. Basi aliyempa kumi na nane asimame aniambie kwa nini, halafu tufungue."

"Sisi tunasimamia jina," akasema baba mkwe. "Namba haisimamiwi."

"Leo simamieni namba."

Ukumbi ukacheka. Baba mkwe akacheka pia, kidogo, kisha akageuza uso kunitafuta, na uso ule ulikuwa na fahari ambayo sijawahi kuiona ikielekezwa kwangu.

"Mkaguzi wa pili ni mkwe wangu," akawaambia watu. "Nilimsimamia mimi mwenyewe, na hajaniangusha miaka kumi na miwili. Mwanangu, inuka utueleze."

Nikainuka. Nikajikaza kisabuni.

"Namba nne," nikasema, "ni mtu aliyekaa na kazi moja muda mrefu. Ameandika kwamba aliwahi kuzuia mapipa mia tatu ya kijani yasitoke, kwa sababu chini ya taa za hospitali yaligeuka bluu. Mtu wa namna hiyo hakusumbui, anakuokoa."

Meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hapo ningekaa. Ningekaa kwenye sentensi hiyo, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini niliuona uso wa baba mkwe, ile fahari, nami nimeishi miaka kumi na miwili naisubiri. Nikaongeza.

"Mashine kila kiwanda kitanunua. Jicho halinunuliwi. Na macho ya mtu huyu yamepimwa, kidoa kwa kidoa mpaka ukurasa wa mwisho, yakaonekana hayana kasoro hata moja."

Mhandisi akaweka kiganja nyuma ya sikio lake zima. "Yamefanywaje?"

"Yamepimwa."

"Hilo la macho mimi sikulisoma." Akavuta nakala yake, akapitisha kidole juu mpaka chini, akageuza nyuma. "Mapipa yapo. Hospitali ipo. Macho hayapo. Umeyatoa wapi?"

"Nadhani... yalikuwa kwenye nakala yangu."

"Nakala zote ni sawa," akasema Katibu. "Nilizitoa mimi."

Akafungua faili, akachomoa karatasi yangu namba nne, akaiinua. "Na hapa hukuandika kwamba unamfahamu."

Baba mkwe alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati, kama anavyofanya akiwa anasikiliza. Mkono wake ukasimama. Hakunitazama mimi kwanza. Aliitazama beji yangu ya kijani, akaitazama muda mrefu, kisha akavaa miwani.

"Katibu," akasema, "nipe bahasha."

Akaichana taratibu kwa ukucha. Akakitoa kile kikaratasi, akakisoma, akakikunja tena mara mbili. Binti alikuwa ameufumbata mkoba wake kwa mikono miwili, macho kwa mwenyekiti, midomo inacheza.

"Nani?" akauliza meneja.

Baba mkwe aliinuka, na watu wote wakaweka vikombe chini, kwa sababu wanajua mzee yule akiinuka ni kumsimamia mtu.

"Mwenye karatasi namba nne," akasema, "asimame tumwone."

Watu wakageuza shingo kushoto na kulia kumtafuta anayeinuka. Binti naye akageuka, akatazama safu ya nyuma, akatazama safu ya mbele. Hakuinuka mtu. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kutafuta.

Mimi nilikuwa nimesimama tayari.